Krabo ya Kushoto

Masisi, tarehe 27 Septemba 2021

Papa Sebarenzi,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba uingie mahali ukae peke yako. Neno hata moja la karatasi hizi lisitoke kinywani mwako: si kwa mkeo Mama Uwimbabazi, si kwa padri, si kwa shofere mwenzako yeyote. Ukimaliza, zitie motoni. Ikijulikana kwamba mimi, karani wa miezi saba tu katika ofisi hii, natoa siri za biro, nitafukuzwa siku hiyo hiyo. Bahasha nimeiweka ndani ya paketi ya sabuni. Ngabo wa pikipiki anajua kwamba anakuletea sabuni, hajui kingine.

Naandika kwa sababu ulirudishwa Kibabi "kupumzika" bila kuelezwa kitu, na kila asubuhi napita mbele ya jeep yako, Bihogo, imeegeshwa nyuma ya depo ya dawa bila wewe. Darius mlinzi anasema kuku wameanza kutaga chini ya kiti chako.

Ukweli ni huu. Safari ya tarehe 14, tulipoondoka hapa kwenda Walikale kwa magari mawili, wewe na Bihogo, shofere mwenzako Muhindo na pick-up mpya nyeupe, haikuwa safari ya kupeleka dawa peke yake. Lilikuwa jaribio. Njia ya Walikale inahitaji gari moja. Jeep ikishinda, pick-up itahamishiwa barabara ya Sake. Pick-up ikishinda, jeep itauzwa, kwa kuwa hawana njia nyingine ya kuitumia. Mama Athanasie, mkuu wetu, alinituma nikae kando yako na daftari ili niyalinganishe. Wewe ulidhani nahesabu katoni.

Nakunakilia nilivyoandika, bila kubadilisha:

"Kwa nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari, jeep inazidi kwa vidole vinne. Kwa maji, jeep inazidi pia: iliingia kijitoni hadi kwenye taa na haikukohoa, wakati pick-up ilingoja maji yapungue. Mzigo ni sawa, lakini ndani ya jeep mgonjwa analala bila kunyeshewa. Kwa mazuti, yaani dizeli, pick-up inatumia kidogo kuliko jeep. Kwa mgongo wa abiria, pick-up ni bora kabisa. Jeep hutengenezwa na fundi yeyote mwenye nyundo na waya. Pick-up ikiharibika inahitaji fundi wa Goma na kompyuta yake. Kwa mlima wenye matope mazito: pick-up ilipanda Kona ya Mianzi, baada ya Kashebere, bila kusimama. Jeep ilishindwa, ikavutwa kwa kamba."

Mstari huo wa mwisho ndio uliokuangusha. Mama Athanasie aliupigia mstari mwekundu, akasema mbele yangu: "Gari la Walikale ni gari la matope. Hayo mengine ni mapambo." Kamati itakaa tarehe 29 Oktoba. Isipotokea kitu, Bihogo itauzwa kwa mfanyabiashara wa mbao, nawe utaambiwa ubaki nyumbani moja kwa moja, kwa sababu pick-up ina Muhindo tayari.

Tafadhali andika barua ya kujitetea. Sema njia ilikuwa mbaya, sema mvua ilizidi. Sema lolote, ila usiseme kwamba nimekuambia.

Naona haya kuandika haya, lakini ningeona haya zaidi kunyamaza.

Kétsia, karani


Kibabi, 3 octobre 2021

Mutoto yangu Kétsia,

Barua nimeipata ndani ya sabuni. Nimeisoma peke yangu kwa shamba ya maharagwe, sababu Mama Uwimbabazi akiona karatasi anafikiri ni polisi njo bananiita. Sabuni amefurahi nayo sana. Anauliza ni nani huyo aliyemwambia kama tunanuka.

Karatasi nimeichoma. Aksanti. Mutoto mwingine wa biro angenyamaza, angesema huyu muzee ananihusu nini. Weye uko na moyo ya muntu.

Sasa miye njo nakuomba samahani. Nilikusimamisha ndani ya matope ile siku, na viatu vyako vya biro, watu ya Kashebere banakuangalia. Na ile Muhindo, ulimusikia? Alitoa kichwa kwa dirisha: "Papa Sebarenzi, leta shingo nikufunge kamba, nikukokote kama mbuzi ya soko!" Miye nilicheka, lakini ni meno tu ilicheka. Miaka makumi mbili na mbili niko na Bihogo, muntu hajanivuta. Miye njo nilikuwa ninavuta wengine.

Tangu nimefika hapa ninapima ile mambo kwa akili. Chini ya kona tulisimama. Fre ya mukono, ile breki ya Bihogo, haishike kwa mulima, ile unajua, kwa hiyo miye nilibaki nimefinya fre na muguu. Na sheria yetu mashofere iko ya zamani: mwenye kukaa mbele njo anashuka, anafunga krabo, ile kifungo ya kugeuza na mukono katikati ya gurudumu ya mbele, ya kuume na ya kushoto, sababu moja ikibaki wazi, mbele haivute hata kidogo. Weye ulishuka, ukazunguka mbele, ukarudi. Nikakuuliza, "Umefunga?" Ukajibu, "Nimefunga." Nikatia vitesi ya chini, ile gia ya nguvu, nikapanda. Sasa kama krabo zimefungwa, magurudumu yote ine inapashwa kuvuta. Lakini ya mbele haikuvuta. Nilisikia kwa matako, unisamehe neno: nyuma tu njo ilikuwa inachimba shimo yake.

Basi kitu kimekufa ndani, kwa diferansieli ya mbele, ile yenye kuzungusha magurudumu. Na nani alipashwa kujua? Ni miye. Mwezi ya saba fundi alibadilisha mafuta ya mbele. Miye sikusimama kando yake, nilikuwa nimeenda kwa ubatizo ya mujukuu wangu kule Nyamitaba. Labda hakutia mafuta yenye kutosha. Labda alitia ya mubaya. Shofere asiyesimama kando ya gari yake wakati imefunguliwa tumbo, huyo ni shofere gani? Kosa ni yangu, haina muntu mwingine.

Rapport yako iko ya haki, sikatai. Kitu moja tu haukuandika, sababu hauna muda mrefu nasi: kule nyuma ya Bihogo mama mwenye uchungu analala, na mwenzake anaketi kumushika kichwa. Watoto batatu bamezaliwa mule. Mumoja kwao banamuita Bihogo, na sasa yuko anasoma. Pick-up ni gari muzuri, Muhindo hashuke hata kwa matope, anageuza kidude na kidole kama anatafuta habari kwa redio. Lakini hiyo kidude siku itagoma, utaifungua na nini?

Sasa, mutoto yangu, weye uko na maandishi muzuri. Uniandikie barua kwa Mama Athanasie. Useme: miye Sebarenzi nilizembea, sikuangalia diferansieli, naomba musamaha, na kama Bihogo inauzwa, baniache hata niwe mulinzi ya depo pamoja na Darius. Uiandike ya heshima. Nitatia sahihi.

Sebarenzi, shofere


Masisi, tarehe 8 Oktoba 2021

Papa Sebarenzi,

Barua hiyo siwezi kuiandika. Nimeianza mara nne. Nafika kwenye neno "nilizembea" kisha kalamu inasimama.

Nakuomba usikiri kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha. Bihogo haijafunguliwa na fundi tangu tulipovutwa. Je, haiwezekani kwamba krabo mojawapo haikushika? Zina kutu, zina matope. Mtu anaweza kuizungusha akadhani imefika kwenye alama, kumbe haijafika. Sisemi ilikuwa hivyo. Nauliza tu, kwa ajili ya ripoti.

Juzi nilimwomba Mama Athanasie jaribio la pili. Aliniangalia juu ya miwani yake akasema: "Kétsia, si ulikuwepo?" Nikasema nilikuwepo. "Si uliona kwa macho yako?" Nikasema niliona. "Basi, kuna kitu uliona ukakiacha?" Nikasema, "Hapana, Mama." Akarudia kazi yake. Nilitoka nje nikaenda kunawa mikono, ingawa ilikuwa safi. Sijui kwa nini nakuandikia jambo hili.

Ndani ya bahasha kuna barua fupi nyingine niliyokutungia. Inasema tu kwamba mvua ilinyesha siku tatu na kwamba Kona ya Mianzi ilikuwa imebomoka upande mmoja. Yote mawili ni kweli. Inakili kwa mkono wako, utie sahihi, umpe Ngabo. Tafadhali, Papa. Hiyo inatosha.

Kétsia


Kibabi, 14 octobre 2021

Mutoto yangu,

Ile barua ya mvua na kona, sikuinakili. Barabara mubaya njo kazi yangu. Barabara ingekuwa muzuri, baniandike kazi ya nini? Bangemuweka hata askofu kwa volan, ashike usukani.

Na ile maneno yako ya krabo mumoja, usirudilie tena. Inanifanya vibaya, sababu njo maneno ile ile ya Darius. Siku ya yenga, ile Jumapili iliyopita, alifika hapa Kibabi kuona dada yake, akapitia kwangu, tukaketi na kakasiksi, pombe ya ndizi. Akaanza: "Papa, miye nakuambia, ile musichana hakufunga. Mutoto wa dukani kwa Butembo, krabo aliiona wapi? Kwake krabo ni kitu ya kula, banatia na pilipili!"

Nikamwambia: "Darius, toka kwa kiti yangu."

"Papa, ninacheka tu."

"Uende ucheke kwako. Ile mutoto aliingia matope mpaka magoti. Nilimuuliza, akanijibu. Na tulipofika kule juu, pa mukavu, nilimutuma afungue, nikamuona na macho yangu: kwanza kuume, halafu akakuja kushoto, chini ya dirisha yangu, akainama, akasugua matope na mukono mutupu, akafungua. Weye unaweza kufanya vile na shati yako ya mulinzi?"

Alienda bila kuaga. Miaka kumi na moja tuko barafiki, na dada yake ananiangalia vibaya kwa kisima. Lakini siwezi kukaa na muntu anayetukana mutoto aliyenisaidia.

Barua nimeiandika mwenyewe. Padri wetu, Abé Byukusenge, alinisaidia na maneno ya heshima, siri yako sikumwambia. Nimeandika: kosa ni yangu. Ngabo ameipeleka leo. Sasa nasikia mwepesi.

Sebarenzi


Goma, tarehe 19 Oktoba 2021

Mademoiselle Kétsia,

Kama ulivyosikia jana kabla sijasafiri, Papa Sebarenzi amekiri kwa maandishi. Nilimpa Muhindo aisome barua mbele ya madereva wote, si kwa kumwaibisha mzee, ila liwe somo kwa wanaodhani gari linajitunza lenyewe.

Barua hiyo iambatanishe na ripoti yako. Tia sahihi kila ukurasa, niikute tayari mezani nikirudi tarehe 25. Ombi lake la ulinzi siwezi kulikubali, walinzi wanatosha. Mtu wa mbao atakuja kuangalia jeep tarehe 30.

Nimependekeza upewe mkataba wa kudumu. Kijana anayeandika alichokiona, bila kumwonea mtu haya wala chuki, ni nadra kumpata.

Athanasie


Masisi, tarehe 22 Oktoba 2021

Papa Sebarenzi,

Sikufunga krabo ya kushoto.

Nilishuka, nikafunga ya kulia kama ulivyonifundisha, hadi alama ilipokutana na alama. Kisha nikazunguka mbele ya boneti kuja upande wako. Hapo nikaona wanaume watatu wamesimama ndani ya mianzi, hatua kumi kutoka dirisha lako, kila mmoja na kitu kirefu begani. Wewe ulikuwa unaangalia mlima, hukuwaona. Nikadhani ni bunduki. Niligeuka, nikarudi kwenye kiti changu, nikafunga mlango.

Ukaniuliza, "Umefunga?"

Papa, hukuuliza moja ama mbili. Hakuna anayeuliza hivyo. Neno lenyewe halihesabu. Nikajibu, "Nimefunga," na moyoni nikajiambia kwamba si uongo, kwa kuwa moja nilikuwa nimeifunga kweli. Nilisoma miaka mitano niweze kuandika sentensi isiyo na kosa, na sentensi ile haikuwa na kosa.

Tulipokwama, wale watu walitoka kwenye mianzi. Unawakumbuka, ndio waliotuchimbia magurudumu. Walikuwa wakata mianzi wa Kashebere, na mabegani walikuwa wamebeba mianzi. Mmoja wao alinishika mkono nisianguke. Nilimwambia aksanti, sikuweza kumtazama usoni.

Ningeweza kusema palepale. Matope yalikuwa yamefunika krabo zote mbili, hakuna ambaye angeona, lakini ungenituma nipapase kwa mkono, ningeifunga, na Bihogo ingetoka yenyewe. Niliwaza hivyo. Wakati huohuo Muhindo alikuwa anapiga kelele za mbuzi na watu wanacheka, na nikaona kwamba nikisema, kicheko chote kitahamia kwangu. Nikakuachia wewe.

Kisha kule juu, pakavu, ukasema nifungue. Nilifungua ya kulia. Nikaja upande wako, nikainama chini ya dirisha lako, nikasugua matope kwa mkono, nikazungusha vidole juu ya kitu ambacho hakikufungwa. Ulichomwambia Darius kwamba ulikiona kwa macho yako, ni hicho. Chini ya kona nilishikwa na woga, na mtu anaweza kusamehewa woga. Kule juu hakukuwa na mianzi wala mtu. Nilikuwa na muda, nikaamua.

Barua yangu ya kwanza, ile niliyokuomba uifiche, ilionekana kama nakuokoa. Nilitaka unishukuru, ili nijisikie mtu mwema. Ulinishukuru. Tangu siku hiyo sikuweza kula mbele ya watu bila kuhisi wanajua.

Jumatatu nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa depo Muhindo alipokuwa anasoma barua yako. Alianza kwa mzaha, akiiga sauti yako. Alipofika mahali unapoomba hata kazi ya ulinzi, mzaha ukaisha. Akasoma mistari ya mwisho haraka haraka, akakunja karatasi, akaenda kuosha pick-up ambayo haikuwa na uchafu. Darius aliniangalia mimi. Kwa muda mrefu, Papa.

Diferansieli yako ni nzima. Nina hakika. Ulikuwa na haki ya kwenda kwenye ubatizo wa mjukuu wako.

Mama Athanasie nimemwandikia haya haya, bila kupunguza. Karatasi iko mezani kwake, juu ya ripoti ambayo sikuitia sahihi. Lakini sikuweza kumngoja arudi. Leo napanda pikipiki kwenda Walikale kwa shangazi yangu Léontine. Najua kwamba huku nako ni kukimbia.

Sikuombi kitu.

Kétsia


Masisi, 2 novembre 2021

Mademoiselle Kétsia,

Barua yako niliisoma mara tatu, halafu nikaifungia ndani ya sanduku ya nguo. Siku mbili nilikataa chakula. Mama Uwimbabazi alifikiri nimegonjwa tumbo.

Kwanza nilienda kuomba Darius samahani, alikuwa amekuja tena Kibabi kwa dada yake. Ile njia ya kutoka kwangu mpaka pale ni fupi, lakini nilikuwa na haya kushinda siku ya kamba. Alinifungulia mulango, akasema, "Ingia, Papa, kiti yako ingaliko." Muntu yule.

Mama Athanasie aliniita. Tarehe 28 tulirudi kwa Kona ya Mianzi na magari yote mbili, mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Nilimuomba Darius akae mbele. Akashuka, akafunga, akapiga kila krabo kofi: "Kuume iko, Papa! Kushoto iko, Papa!" Kwa sauti ya kuita ngombe, mpaka watu bakatoka kwa nyumba. Bihogo ilipanda polepole, kama muzee anayeenda misa. Haikuteleza hata mara moja. Pick-up ilipanda pia, tena mbio kushinda siye. Lakini kwa kijito ilingojea, na siye tukangojea ngambo, tukala mahindi. Mama Athanasie aliangalia saa yake. Kesho yake kamati ikakaa, ikakata: Bihogo inabaki kwa njia ya Walikale. Pick-up inaenda Sake, na Muhindo amefurahi, sababu kule iko lami kidogo na wasichana mingi.

Basi niko kazini.

Ile woga yako ya mianzi, miye naielewa. Hapa kwetu muntu asiyekimbia mianzi siku moja, atakimbia nini? Miye pia nimekimbia vitu. Lakini ile ya kuinama chini ya dirisha yangu, bado. Nikikaa kwa volan, naona kichwa yako pale chini. Sisemi imekwisha, sababu ningekudanganya.

Na kuko kitu kingine. Barua yangu ilisomwa mbele ya mashofere yote. Ya kwako Mama Athanasie aliikunja, akaitia ndani ya armwari, akageuza ufunguo. Alisema tusimuharibie mutoto maisha. Miye nilikubali kwa kichwa. Lakini mashofere banajua kitu kimoja tu: muzee alizembea gari, akalia, akahurumiwa. Jana kijana mupya ameniambia kwa heshima, "Papa, ukichoka kuangalia mafuta, niite nikusaidie." Miye siwezi kusimama na kusema ni mutoto njo alikosa. Itakuwa kama najificha nyuma ya kanzu ya musichana. Darius anataka kusema, nimemukataza.

Njo hivyo iko.

Sebarenzi


Walikale, tarehe 9 Novemba 2021

Papa Sebarenzi,

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Mpe Muhindo aisome Jumatatu asubuhi mbele ya depo, madereva wote wakiwa wamefika, na yule kijana mpya asikose. Ina jina langu lote na jina la baba yangu, tarehe, mahali, na krabo ipi. Nusu ya chini ni juu ya kile nilichofanya pakavu, chini ya dirisha lako. Muhindo akitaka kuiruka sehemu hiyo kwa huruma, usimruhusu. Aisome polepole, kwa sauti yake mwenyewe, asiige ya mtu.

Mama Athanasie naye nimemwandikia. Nimemshukuru kwa armwari yake, na nimemwomba asinilinde kwa kulichafua jina lako.

Mtu akiwa na swali, asikuulize wewe. Aniulize mimi. Hapa Walikale ukishuka sokoni, pita wauza samaki, hesabu milango mitatu baada ya kinu cha mihogo. Duka la vitambaa lenye mlango wa buluu ni la shangazi Léontine. Niko pale kila siku, isipokuwa asubuhi ya Jumapili. Simu hushika tu kwenye kilima cha nyuma ya kanisa, na mimi hupanda kule Jumanne na Ijumaa, saa kumi za jioni; namba iko nyuma ya karatasi hii, ipe yeyote anayeitaka. Mwenye barua ampe Ngabo, anapita hapa kila wiki.

Na asiyejua jina langu, aulize hapo sokoni yuko wapi yule karani aliyemdanganya shofere wake. Wataonyesha mlango. Nimewaambia mwenyewe.

Kétsia